Ratili Nusu ya Unga

Gundi tuliipika wenyewe: unga wa ngano, maji,
chumvi kidogo ili panya wasiitamani.
Unga niliukopa kwa Baba Ghattas, chini ya ngazi za Haifa,
naye akaandika jina langu, Vida, kwa penseli ya buluu
kwenye ukuta wa duka, ndio uliokuwa daftari lake.
Hakuuliza mbona siku hizi kwetu twala mikate mingi.

Usiku, ilipokwisha kupigwa marufuku ya kutoka,
mimi na Zelig tulishuka na ndoo.
Askari wa kofia nyekundu tuliwaita maua ya kondeni:
wekundu pembeni, moyo mweusi.
Zelig alibandika, mimi nilisikiliza buti.
Mkono wake ulikuwa na namba.
Meli ilimshusha gizani, maji kifuani,
na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: Nimerudi.
Hajawahi kuwa hapa. Wala baba yake. Wala babu wa babu.
Nilimwamini. Hata sasa namwamini.
Ila mimi, ambaye bibi zangu saba wamelala Tiberia,
niliyekikuta Kiarabu jikoni kabla ya Kiebrania cha sala,
neno hilo sijapata kulitumia.
Sisi tulikuwapo tu.

Asubuhi Baba Ghattas alisimama mbele ya ukuta wa nje,
miwani juu ya paji.
"Nisomee. Herufi zenu sizijui."
Nikasoma: Mgeni, toka. Nchi ina wenyewe.
"Mgeni nani?"
Mwingereza, nikasema.
"Hapo sawa."
Akakwangua pembe ya karatasi kwa ukucha.
Chini yake amri ya Mwingereza,
chini yake mwito wa mgomo wa mwaka wa thelathini na sita,
alioubandika mdogo wake, Wadie,
kabla hawajamnyongea Akka
na kuilipua nyumba ya mama yao kwa baruti;
chini kabisa, kipande cha tangazo la Mturuki
kikidai farasi na vijana.
"Wadie naye aliandika hivyohivyo," akasema.
"Mgeni, toka. Na gundi, unga wangu."
Kisha, bila kunitazama:
"Na hao wenyewe, ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Chama kilitupa majibu
yaliyopigwa chapa, mistari imenyooka.
Nilikuwa na makaburi ya Tiberia, na mlima uliotajwa katika sala.
Yeye alikuwa na hati yenye muhuri wa sultani,
na kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo za kwao.
Zelig, ndoo mkononi, akasema neno lake: Nimerudi.
Baba Ghattas akamuuliza taratibu, kama amuulizaye mgonjwa:
"Hurudije mtu asikotoka?"
Mkalimani nilikuwa mimi.
Zelig akajibu kwa Kiyidi: Nilikotoka hakuna hata mlango wa kubisha.
Hilo sikulitafsiri.
Mpaka leo sijui kwa nini.

Aprili, Mwingereza akifunga mizigo,
makombora yalishuka kutoka mlimani juu ya zile ngazi.
Yalikuwa yetu.
Watu walikimbilia bandarini na magodoro, na kuku, na cherehani.
Niliposhuka, siku ya tatu, duka lilikuwa wazi,
mizani imelala upande mmoja, upande wa jiwe,
na ukutani, kwa buluu: Vida, ratili nusu.

Dawa ya deni kulipa, husemwa.
Haikusemwa umlipe nani
duka likigeuka ghala, ghala likigeuka mkahawa,
na ukuta ukipakwa chokaa mara nne.
Zelig amezikwa mlimani. Juu ya kaburi wamechonga alikozaliwa,
mji ambao maisha yake yote hakuutamka.
Mimi, kila Aprili, napima ratili nusu,
nafunga katika gazeti, naweka dirishani kunakoelekea bandari.
Ikifika jioni njiwa wameshalitoboa.